Siku Kompyuta Ilipoishika Simu ya Dukani

Nyumbani nikianza kuisimulia habari hii huwa naambiwa niache, ni ya zamani, nitajipandisha presha bure. Basi naiandika, maana karatasi haiwezi kunikatisha. Na nitaanza na baba mdogo, kwa sababu hasira zangu zinaanzia kwake na sioni sababu ya kuzizungusha.

Alikuwa mdogo wake marehemu baba. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyeshika duka letu la vitambaa mjini Singida, na mimi, niliyekuwa nimemaliza kidato cha nne nikakosa pa kwenda, nikawekwa kaunta. Ilikuwa ile miaka ya biashara huria, kila mwenye duka anatafuta kitu ambacho jirani yake hana. Mmoja alileta friji la soda, mwingine mashine ya fotokopi. Baba mdogo alikwenda Dar es Salaam kuchukua vitenge akarudi na kompyuta ya mtumba, na ukutani akaandikisha neno intaneti kwa rangi nyekundu, chini ya namba ya simu iliyokuwepo tangu enzi za baba.

Simu yenyewe, ya mezani, ilikuwa ya duka kwa jina tu. Kwa kweli ilikuwa ya mtaa mzima. Mwenye ndugu Arusha au Uarabuni alimpa namba yetu. Ndugu akipiga alisema, niitie mama fulani, nitapiga tena baada ya muda kidogo, halafu anakata. Mimi natoka na kandambili zangu, napita nyuma ya msikiti, namwita mama fulani, anakuja anajifunga khanga njiani, anakaa kwenye benchi letu anasubiri. Kupokea ilikuwa bure. Baba alikuwa akisema ukimtoza mtu aliyeitiwa simu ni sawa na kumuuzia sauti ya mwanawe. Simu za mkononi zilikuwa zimeshafika mjini, na baba mdogo alikuwa nayo kiunoni, lakini alibadili laini kila kampuni moja ikitangaza ofa, hata sisi wa nyumbani tulikuwa hatumpati. Namba watu waliyoiamini ni ile ya ukutani.

Sasa intaneti nayo ilipita kwenye waya uleule. Ukiingia intaneti, simu imekwisha. Anayepiga anasikia inatumika, na wewe uliye dukani husikii chochote. Siku za kawaida haikuwa shida kubwa, maana wateja wa intaneti walikuwa walimu wawili watatu na kijana mmoja aliyekuwa akiandikiana na mchumba. Waliingia kidogo, wakatoka, simu ikarudi kwa wenyewe.

Kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama, alikuwa Uarabuni. Alikuwa dereva wa lori katika kampuni ya ujenzi, anaishi kambini na wafanyakazi wengine wa kigeni, nje ya mji mkubwa wa nchi ile. Alikuwa hapitishi mwezi bila kupiga. Kisha vita vikaanza. Redio ikasema ndege zinapiga mji ule, na simu ya kaka haikuja. Wiki ikapita, ikaja nyingine, kimya.

Mama ni Mnyaturu wa Mtinko aliyeolewa mjini akiwa binti, akasilimu, akajifunza Kiswahili cha duka. Si mtu wa kulia mbele za watu. Alichofanya ni kuja dukani kila asubuhi, akakaa kwenye benchi karibu na simu. Hakusema anasubiri simu. Alisema amekuja kunisaidia kukunja vitenge. Tukavikunja, tukavikunjua, tukavikunja tena, na simu ikilia kwa ajili ya mtu mwingine mikono yake inasimama mpaka niseme ni ya nani. Usiku alikuwa akiongea peke yake Kinyaturu, nami nilikuwa namsikia kupitia ukutani nikijifanya nimelala.

Baba mdogo hakuwa na roho mbaya. Angekuwa na roho mbaya ningemchukia kwa raha zangu, nikamaliza. Shida yake ni ujuaji. Hakuweza kuvumilia kumwona mke wa kaka yake anasubiri simu wakati yeye ana kompyuta.

"Shemeji," alimwambia, "dunia imebadilika. Habari siku hizi hazisubiriwi, zinafuatwa."

Akamwita fundi wa kompyuta kutoka Dodoma. Alikuja na basi, kijana mwenye mkoba wa ngozi na boksi la sidii, akala wali kwetu akaomba nyongeza. Alituonyesha programu ya kusoma habari. Inakaa ndani ya kompyuta, inapitia magazeti na redio za dunia nzima, ikiona habari mpya inakuletea kichwa chake na maneno machache, huna haja ya kufungua kurasa moja moja na intaneti ile ya kujikokota. Sitadanganya, nilipoisikia niliipenda. Nilifikiri kweli tutajua kinachotokea kule kabla ya redio ya jioni.

Akaiweka. Alipotaka kuifungua, kikatokea kisanduku chenye maneno ya Kiingereza. Nilikisoma mimi, maana baba mdogo Kiingereza chake kilikuwa cha kukisia. Kilisema programu hii haiwezi kufanya kazi mpaka kwanza pawepo programu nyingine ya kuisaidia, na hiyo nyingine haimo ndani ya kompyuta hii.

"Hiyo ni ndogo tu," fundi akasema huku anafunga mkoba. "Mtaishusha wenyewe kwenye intaneti. Kazi yangu imekamilika."

"Kama inahitaji kitu kingine, imekamilikaje?" nikamuuliza.

Akacheka, akamwambia baba mdogo kwamba binti yako mkali, akawahi basi. Ndogo, anasema. Mpaka leo nikisikia fundi wa kitu chochote anasema hiyo ni ndogo tu, damu inanichemka. Amekula wali wetu, amechukua chake, ametuachia kazi nusu, na ile nusu aliyoiacha ndiyo iliyotumaliza.

Kesho yake baba mdogo alifungua duka mapema kuliko kawaida. Nilipofika nilikuta ameshaingia intaneti na kompyuta inashusha hiyo programu ya kusaidia. Kwenye kioo palikuwa na mstari wa bluu unaosogea taratibu mno, ukiuangalia unaona umesimama. Programu ilikuwa kubwa na laini yetu ilikuwa nyembamba. Na mtu akinyanyua mkono wa simu, inakatika, unaanza upya. Kwa hiyo baba mdogo alikuwa ameifunika simu kwa kipande cha kitenge na kuweka juu yake futi ya kupimia nguo, mtu asiiguse.

Watu wakaanza kuja. Jirani yetu muuza vitunguu alikuwa ameahidiwa kupigiwa na dada yake. Baba mdogo akamwambia leo simu ina shughuli. Akaja mwingine, naye akarudishwa. Katika miaka yote ya baba sikuwahi kuona mtu akirudishwa kwenye ile simu. Nilikuwa naona aibu kuwatazama usoni.

Mama naye akaja, akaiona simu imefunikwa. Hakukaa. Alinisogelea pale kaunta akaniuliza kwa sauti ndogo, "Sasa mwanangu akipiga?"

Nikaenda kwa baba mdogo. Nilimwambia kwa adabu zote, kama anavyoambiwa mkubwa, "Baba, kaka akipiga leo atakuta inatumika."

Hakugeuka hata kunitazama. Alikuwa ameukodolea macho ule mstari wa bluu. Akasema, "Wiki zote hizi hajapiga, ndiyo aje apige leo? Kaa kwenye kaunta yako."

Maneno hayo nimeyabeba miaka yote hii. Nikifua nguo nayasikia. Ndiyo aje apige leo.

Ilipoadhiniwa adhuhuri akaenda msikitini. Mguu wake haujapita kizingiti vizuri, mimi nimeshauchomoa waya wa kompyuta na kuifunua simu. Mama aliniona. Hakunikataza, alivuta benchi akakaa. Tukakaa hivyo, vitenge mapajani, hakuna anayekunja. Na simu ikalia. Mama alisimama wima. Nikapokea, nikasikia sauti ya mwanamume, nikadhani ni kaka, kumbe ni mfanyabiashara wa Kiomboi anamuulizia baba mdogo mzigo wa khanga. Nikamwambia hayupo, apige jioni. Wakati huohuo baba mdogo akaingia, akaninyang'anya simu.

Wakaongea. Wakaulizana hali ya nyumbani, hali ya alizeti, mvua ya Iramba, harusi ya mtoto wa nani sijui. Alikuwa anacheka huku amejiegemeza kaunta, na mama yangu amesimama mbele yake anasubiri amalize. Alipokata ndipo alipotazama kompyuta akaona mstari umekufa.

Hakunipiga. Angenipiga ingekuwa nafuu. Alinitazama, akasema mbele ya mama, "Wewe ndiye unayemchelewesha kaka yako. Sisi tunatafuta habari zake, wewe unazikata."

Akauchomeka waya, akaanza upya tangu mwanzo. Mama akaniangalia kidogo tu, na nikaona kwamba hajui amwamini nani. Nasema wazi hapa, kuuchomoa waya ule sijutii. Mkasi wa kukatia vitambaa ulikuwa mkononi mwangu. Heri ningeukata kabisa.

Alasiri ikashuka yote. Baba mdogo akasugua mikono, akabonyeza. Kikatokea kisanduku kingine. Kikasema programu ya kusaidia haiwezi kuwekwa mpaka kwanza ishushwe programu nyingine mpya ya kuiweka. Nikamsomea. Akanitaka nisome tena, akidhani nimekosea. Nikasoma tena. Nilicheka, kicheko cha hasira, nikashindwa kujizuia, nikatoka nje nikasimama juani. Mtu anaambiwa subiri nimwite mwenzangu, na mwenzake anasema subiri nami nimwite wangu, na wote wanakaa ndani ya simu yetu. Niliporudi nilikuta ameingia intaneti tena, na futi iko juu ya kitenge.

Karibu na magharibi programu ikafunguka. Lazima niseme ilikuwa kitu cha kupendeza. Upande mmoja majina ya magazeti, upande wa pili vichwa vya habari vinashuka kimoja baada ya kingine bila mtu kugusa. Mpira. Bei ya mafuta. Rais fulani amemtembelea rais fulani. Baba mdogo alikuwa amevimba kifua kama yeye ndiye aliyeviandika. Kisha kikaja kichwa chenye jina la ule mji wa kaka, nikasoma kwa sauti, nikageuza kwa Kiswahili kadiri nilivyoweza: wafanyakazi wa kigeni waondolewa mjini kwa mabasi, wavuka mpaka salama.

"Si nilisema?" baba mdogo akasema. "Shemeji, umesikia? Salama."

Mama akaniomba nisome tena lile neno la mwisho. Nikasoma. Akajifunika uso kwa ncha ya khanga na mabega yakawa yanatikisika, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona akilia dukani. Na mimi nililia. Nilisahau hasira zangu zote za mchana, nikambusu baba mdogo mkono. Hilo nalo linaniuma, kwamba niliubusu ule mkono.

Ijumaa ikapikwa pilau ya sadaka. Wakachinjwa kuku, wakaja watoto wa madrasa wakasoma, wakala. Baba mdogo alikaa na wazee akiwaeleza jinsi programu inavyofuata habari dunia nzima, na wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Mama aliacha kuja dukani. Alikuwa na kazi nyumbani, anapaka chokaa chumba cha kaka. Simu ikawa inalia kwa ajili ya watu wengine, nami nawaita, na sikuwa na wasiwasi. Tulijua yuko njiani.

Aliyekuja ni mtu mwingine. Alikuwa mwanamume wa Kintinku, dereva mwenzake kaka, aliyelala naye chumba kimoja kule kambini. Aliuliza duka mjini, akaonyeshwa. Nikampeleka nyumbani mbio, baba mdogo akafunga duka akatufuata. Yule mgeni akamwamkia mama shikamoo, akakaa kwenye mkeka, akatazama huku na huku. Kisha akauliza, "Ameshapiga?"

Mama akamwambia, "Si mlikuja pamoja? Mabasi si yalivuka?"

Yule mtu akaweka kikombe chini. Akatueleza taratibu, kama anayeogopa kila neno. Siku ya kuondoka, akaitaja, na ilikuwa ileile ya mstari wa bluu, kambi nyingine zilikuwa zimeshavushwa mpaka jana yake, na kwao mabasi yaliletwa asubuhi. Simu za mji mzima zilikuwa zimekatika wiki nyingi, lakini asubuhi ile simu ya walinzi, pale getini, ilikuwa inafanya kazi, na walinzi wakawaruhusu watu wapige makwao. Wengi walipiga, wakaongea kidogo, wakapanda. Kaka alipiga akakuta inatumika. Akampisha aliye nyuma yake, akarudi kwenye foleni, akapiga tena. Inatumika.

"Nilimwambia panda tu, utapiga tukishavuka," akasema. "Akanijibu hawezi kusafiri bila radhi ya mama yake."

Sisi tunajua hilo. Kaka hakuwahi kutoka nyumbani kwenda hata Manyoni bila kupiga magoti mbele ya mama na kumwomba radhi, na mama akamshika kichwa akamwambia nenda, nimekuridhia. Alikuwa na ndevu anafanya hivyo, wenzake wanamcheka, naye hajali. Safari kubwa kama ile, barabara inapigwa mabomu, asingeiingia bila neno la mama.

Mabasi yalichelewa, yule mtu akaendelea, wakawa wanasubiri ruhusa. Mchana kutwa kaka alikuwa pale getini. Kila akipiga, inatumika. Mara moja, wakati wa adhuhuri, walinzi walikuwa wamefunga kibanda wanasali, hakupiga. Alasiri honi ikapigwa. Yule mtu alikuwa ameshakaa dirishani, akamwita kwa jina. Kaka akaonyesha kwa mkono, tangulieni, atakuja na basi la pili, mtu wa kwao huko hawezi kuongea na simu siku nzima, lazima ataiweka tu.

"Na basi la pili?" mama akauliza.

"Halikuwepo, mama. Sisi tulikuwa wa mwisho."

Nikamtazama baba mdogo. Alikuwa ameshika tasbihi, na nikajua atakachosema kabla hajafungua mdomo.

"Ni kudra ya Mwenyezi Mungu, shemeji," akasema.

Sikuwahi kumjibu mtu mzima vibaya maishani mwangu. Siku ile nilimwambia asimsingizie Mungu kazi ya kompyuta yake. Nilimwambia kwa sauti, mgeni anasikia, majirani wanasikia. Nilimwambia, Mungu alimpa kaka simu inayofanya kazi asubuhi ile, wewe ya kwetu ukaifunika kwa kitenge. Alisogeza tu tasbihi, punje moja baada ya nyingine. Wala hilo halikunipoza.

Mama hakutugombeza. Alimgeukia mgeni, akamuuliza kama anaijua namba ya simu ya pale getini. Mgeni akasema anayo kichwani, ameshaipiga kutoka Dar es Salaam, inaita tu, hakuna anayepokea. Mama akasimama, akajitanda khanga, akatoka. Tukamfuata wote mpaka dukani. Baba mdogo akajaribu kufungua kufuli, akashindwa, nikamnyang'anya funguo nikafungua mimi.

Mgeni akataja namba, nikazungusha. Ikaita. Nikampa mama. Alikaa nayo sikioni muda mrefu, nami nikiwa karibu nasikia ule mlio wa mbali, unaita, unanyamaza, unaita. Hakuna aliyepokea. Nilitaka kuichukua niiweke chini, akanizuia kwa kiganja. Akasogeza mdomo karibu, akaongea na ule mlio, si Kiswahili, Kinyaturu chake cha Mtinko alichokuwa akikitumia kwa kaka alipokuwa mdogo. Alimwambia nimekuridhia, panda basi mwanangu, usiningoje. Akarudia. Simu iliendelea kuita, na yeye akaendelea kumwambia apande.